Jinsi ya Kupima Masi ya Kishada cha Galaksi Ukiwa Nairobi na Kompyuta Tu

Kila muhula wanafunzi wapya wa fizikia wananijia na maswali yaleyale matatu. Kitu kisichoweza kuwekwa kwenye mizani unakipimaje? Mbona karatasi moja inasema kishada cha Coma kina masi hii, na nyingine inasema karibu nusu yake? Na mtu asiye na darubini, anayeishi Kahawa au Rongai, anaweza kupima mwenyewe? Nimeyajibu kwenye ngazi za maktaba, kwenye simu usiku, na hata ndani ya matatu ya Thika Road. Leo nayaandika ili yakae mahali pamoja.

Swali la tatu nitalijibu kwa neno moja: ndiyo. Data iko wazi kwa kila mtu, na hesabu ya kwanza unaimaliza kwa jioni moja.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike. Hakuna njia hata moja inayopima masi moja kwa moja. Njia ya kwanza inapima kasi za galaksi, ya pili joto la gesi, ya tatu inapima jinsi nuru inavyopindwa. Baada ya hapo kuna dhana inayogeuza kipimo hicho kuwa masi, na kila dhana ina upande inakoegemea. Ndiyo maana namba ya masi ikitembea peke yake haina maana. Lazima ifuatane na mambo matatu: imepimwa kwa njia gani, inahesabu hadi umbali gani kutoka katikati, na umekubali dhana zipi ili kuipata.

Kuhusu maneno: nasema kishada kwa sababu galaksi zake zimeshikwa pamoja na mvutano kama zabibu kwenye kikonyo kimoja. Kundi nitaliacha liwe jina la mkusanyiko mdogo wa galaksi chache. Na ile namba inayoonyesha nuru imevutwa kiasi gani kuelekea rangi nyekundu nitaiita z tu, kama inavyoandikwa kwenye majedwali.

KABLA YA KUANZA

Uwe na vitu hivi:

- Kompyuta yoyote inayofungua jedwali. Si lazima iwe mpya. Simu itakutesa kwenye hatua ya 3.
- Intaneti kidogo. Jedwali zima tutakalovuta halifiki megabaiti moja, kwa hiyo usingoje bando kubwa wala mtandao wa chuo.
- LibreOffice Calc au Excel. Ukijua Python, sawa, tumia Google Colab ambayo hesabu zake hazifanyiki kwenye mashine yako. Lakini kwa mara ya kwanza nakushauri utumie jedwali, uione kila namba ikibadilika mbele ya macho yako.
- Daftari na kalamu. Andika kila uamuzi unaoufanya: ulikata wapi, uliondoa galaksi ngapi, kwa nini. Stima ikipotea katikati ya kazi daftari litakuokoa, na hata isipopotea, mwezi ujao utakuwa umesahau.
- Namba hizi: mwendo wa nuru, 299,792 km kwa sekunde; G = 4.30 × 10^-9, ambayo inafanya kazi ukiweka umbali kwa megaparseki, kasi kwa km/s na masi kwa masi za Jua. Na kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, inayoandikwa H0, 70 km/s kwa kila megaparseki. Megaparseki moja ni miaka ya nuru milioni 3.26.

Usianze kwa kusoma nadharia ya uhusianifu. Wengi huanzia huko, wanachoka, na hawafiki kwenye data. Nadharia utaisoma vizuri zaidi ukiwa tayari una namba inayokusumbua.

HATUA

1. Chagua kishada kilicho karibu na chenye data nyingi.

Anza na Coma, ambacho kwenye orodha ya vishada ya Abell ni namba 1656. Kipo umbali wa takriban megaparseki 100, z yake ni 0.0231, na katikati yake kuna galaksi mbili kubwa mno, NGC 4874 na NGC 4889. Kitovu tutakachotumia ni digrii 194.95 kwa RA na +27.98 kwa Dec (hiyo ni anwani ya kitu angani, kama longitudo na latitudo duniani).

Sisi tulio karibu na ikweta tunakipata vizuri. Mwezi Mei, usiku haujaenda sana, sehemu hiyo ya anga inapita juu upande wa kaskazini, takriban digrii 29 kutoka utosini. Kwa macho hutaona kishada, na taa za jiji na mawingu ya masika havisaidii. Hata hivyo mimi huwaambia wanafunzi watoke nje mara moja watazame upande ule kabla ya kufungua kompyuta. Namba utakazozivuta zimetoka pale, na nuru yake ilianza safari zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita.

2. Vuta data.

Fungua SkyServer, tovuti ya data ya SDSS, mradi wa kuchora ramani ya anga ambao darubini yake ya mita 2.5 iko Apache Point, New Mexico. Nenda kwenye ukurasa wa kutafuta kwa SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), ufute kilichomo, kisha uandike:

SELECT ra, dec, z, zErr
FROM SpecObj
WHERE class = 'GALAXY' AND zWarning = 0
AND ra BETWEEN 193.6 AND 196.3
AND dec BETWEEN 26.8 AND 29.2
AND z BETWEEN 0.0131 AND 0.0331

Chagua CSV kama aina ya faili, uhifadhi. Utapata mamia ya galaksi.

Sharti la class linaondoa nyota, na la zWarning linaondoa spektra (nuru iliyotenganishwa rangi zake, ambamo z inasomwa) ambazo kompyuta ya mradi yenyewe haikuwa na uhakika nazo. Mipaka ya z inatupa nafasi ya takriban km/s 3,000 kila upande wa kishada. Usiibane zaidi kwa sasa. Anayebana mapema anapata jibu alilolitaka, na jibu la namna hiyo halijapimwa.

Tahadhari: RA ya Coma utaikuta kwingine imeandikwa saa 12 na dakika 59 na kitu. Hizo ni saa za anga, siyo digrii. Ukiandika 12.99 kwenye SQL utaletewa sehemu nyingine kabisa ya anga, au usiletewe kitu. Zidisha kwa 15 kwanza.

3. Kata duara.

Tulichovuta ni mraba, na pembe zake ziko mbali na kitovu kuliko pande zake. Ongeza safu ya umbali kwa digrii:

umbali = SQRT(((ra − 194.95) × 0.883)^2 + (dec − 27.98)^2)

Ile 0.883 ni kosaini ya digrii 28. Bila hiyo duara lako linageuka yai, kwa kuwa digrii za RA hubanana kadiri unavyosogea mbali na ikweta ya anga. Sisi wa hapa tumezoea digrii za longitudo zenye upana uleule kasoro nukta, ndiyo maana kosa hili linatupita kirahisi.

Bakiza galaksi zenye umbali wa 1.2 au chini. Kwa umbali wa Coma, digrii moja ni megaparseki 1.75, kwa hiyo duara lako lina nusu kipenyo cha megaparseki 2.1.

4. Geuza z kuwa kasi ndani ya kishada.

Tafuta z ya katikati kwa MEDIAN. Usitumie wastani wa kawaida, kwa sababu galaksi chache za nje zinauvuta. Kisha kwa kila galaksi:

v = 299792 × (z − z ya katikati) / (1 + z ya katikati)

Hapa ndipo penye kosa ninaloliona kuliko yote: watu wanasahau kugawa kwa (1 + z). Kwa Coma kosa linakuwa dogo, asilimia 2.3 ya kasi. Lakini masi inapanda kwa kasi kipeo cha tatu, kwa hiyo tayari umeongeza masi kwa asilimia 7. Ukifanya hivyo kwa kishada chenye z ya 0.3, masi yako itazidi mara mbili. Nimewahi kumsaidia kijana aliyebadilisha kila kitu kwenye hesabu yake kwa wiki mbili, kasoro mstari huu. Gawa, kisha weka alama ya vyema daftarini.

5. Ondoa wageni.

Si kila galaksi unayoiona upande ule ni ya kishada. Nyingine ziko mbele, nyingine nyuma, na zimejipanga tu kwenye mstari mmoja na macho yetu. Kokotoa mkengeuko sanifu wa safu ya v kwa STDEV. Ondoa galaksi zote ambazo v yake inazidi mara tatu ya namba hiyo, chanya au hasi. Kokotoa tena. Ondoa tena. Rudia mpaka asiwepo wa kuondoka. Kwa kawaida raundi chache zinatosha.

Sasa chora. Mlalo weka umbali kutoka kitovuni, wima weka v. Galaksi za kishada zinajaza umbo kama tarumbeta iliyolala, pana karibu na kitovu na jembamba kadiri unavyotoka nje. Nukta inayoelea mbali nje ya umbo hilo ni ya kutiliwa shaka hata kama imepita mtihani wa mara tatu. Usiache kuchora. Namba pekee haikuonyeshi kwamba una makundi mawili badala ya kishada kimoja.

Coma yenyewe haijatulia. Upande wa kusini magharibi kuna kundi lenye galaksi NGC 4839, ambalo lina mwendo wake na bado linaungana na kishada. Limo ndani ya duara lako. Fanya hesabu yote ukiwa nalo, kisha uifanye tena ukiwa umeliondoa, uandike tofauti. Tofauti hiyo ni sehemu ya kosa la kipimo chako, na ni ya kweli kuliko ile utakayoipata kwenye hatua inayofuata.

6. Kokotoa mtawanyiko na kosa lake.

STDEV ya mwisho ndiyo mtawanyiko wa kasi. Tuuite sigma. Kwa Coma utakuwa karibu na km/s 1,000. Ukipata 900 au 1,100, endelea. Ukipata 400 au 2,500, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kukwama hapo chini.

Kosa lake la kitakwimu ni sigma ÷ √(2(N − 1)), ambapo N ni idadi ya galaksi zilizobaki. Ukiwa na galaksi 400, kosa la sigma ni asilimia 3.5, na kwa kuwa masi ni kipeo cha tatu, kosa la masi ni kama asilimia 11. Ukiwa na galaksi 20, kosa la sigma ni asilimia 16 na la masi linakaribia nusu ya masi yenyewe. Mtu akikuletea masi ya kishada iliyotokana na galaksi 12, muulize kwa upole kosa lake ni kiasi gani.

Jambo moja la SDSS ulijue: nyuzi mbili za kupokea nuru haziwezi kuwekwa karibu zaidi ya sekunde 55 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii) kwenye sahani moja. Kitovu cha kishada kimejaa galaksi zilizobanana, kwa hiyo baadhi yao hazina spektra. Hakuna ulichokosea.

7. Geuza sigma kuwa masi.

Tumia uhusiano uliotokana na maigizo ya kompyuta ya maada giza (maada isiyoonekana, tunayoijua kwa mvutano wake tu), uliochapishwa na Evrard na wenzake mwaka 2008:

M200 = (10^15 ÷ 0.7) × (sigma ÷ 1082.9)^2.975

Jibu liko kwa masi za Jua. Ukiwa na sigma ya 1,000 unapata takriban 1.1 × 10^15, yaani Jua letu mara trilioni elfu moja na zaidi. M200 maana yake ni masi iliyomo ndani ya duara ambalo wastani wa msongamano wake ni mara 200 ya ule msongamano kipeo wa ulimwengu (ule ambao mvutano wake unatosha tu kusawazisha kutanuka). Kwa masi hiyo, duara lina nusu kipenyo cha megaparseki 2.15, karibu sawa na lile tulilokata. Ndiyo sababu nilichagua digrii 1.2.

Sasa jaribu njia ya zamani kwa sigma ileile: M = 3 × sigma² × R ÷ G, ukiweka R ya 2.15. Utapata 1.5 × 10^15. Galaksi ni zilezile, kasi ni zilezile, ila masi imepanda kwa theluthi moja. Kilichobadilika ni dhana tu: fomula hii ya pili inachukulia kwamba kishada kinaishia ukutani kwenye R na hakuna kinachokisukuma kutoka nje. Kaa na tofauti hii kidogo kabla ya kuendelea. Ukiielewa, lile swali la kwa nini karatasi mbili hazikubaliani umelijibu nusu.

Hesabu ya namna hii ndiyo Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa Caltech, aliifanyia Coma mwaka 1933. Aliona galaksi zinakimbia mno kwa kishada chenye masi ya nyota peke yake, na akaona upungufu wa kama mara 400. Alitumia kasi ya kutanuka ya 558, maana ndiyo iliyokuwa ikijulikana wakati ule. Ukiweka 70 ya leo, ile 400 inashuka hadi karibu 50. Kipimo chake cha umbali kilikosea mara nane, na bado hoja yake ilisimama.

8. Pima tena kwa eksirei.

Kati ya galaksi kuna gesi yenye joto kali inayong'aa kwa eksirei, na gesi hiyo ina masi kubwa kuliko nyota zote za kishada zikijumlishwa. Ya Coma ina joto la takriban keV 8 (keV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa joto la gesi), yaani zaidi ya digrii milioni 90. Gesi yenye joto hilo ingetawanyika kama isingeshikwa. Joto lake linakuambia kinachoishika kina nguvu kiasi gani.

Usipakue data ghafi za Chandra au XMM-Newton, darubini za eksirei zilizo angani, kwa mara ya kwanza. Ni gigabaiti nyingi, na programu zake zinahitaji siku kadhaa kuzizoea. Chukua namba zilizochapishwa: joto T, mteremko wa msongamano β, na nusu kipenyo cha kiini rc. Kwa Coma, β ni 0.75 na rc ni kama megaparseki 0.3. Kisha:

M = 1.13 × 10^15 × β × (T ÷ 10) × r × x² ÷ (1 + x²), ambapo x = r ÷ rc

T ni kwa keV, r kwa megaparseki. Weka r = 1. Unapata takriban 6.2 × 10^14.

Njia hii inaegemea chini. Inachukulia kwamba shinikizo lote linalobeba gesi linatokana na joto. Kwenye kishada ambacho bado kinameza makundi mengine, gesi pia inachemka na kuzunguka, na mwendo huo unabeba sehemu ya mzigo bila kuonekana kwenye joto. Masi inatoka pungufu, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 30. Halafu fomula hii rahisi inachukulia joto ni moja kila mahali, na kwa kuwa joto halisi hushuka ukielekea nje, ukiitumia mbali sana na kitovu itakupa masi ya ziada. Ndiyo maana nimeishia r = 1. Na Chandra na XMM-Newton hazisomi joto sawasawa kwa vishada vya moto sana: Chandra husoma juu zaidi. Andika joto lako limetoka darubini gani.

9. Lete namba mbili kwenye umbali mmoja kabla ya kuzilinganisha.

Wengi wanaanguka hapa. Una 1.1 × 10^15 kutoka kwenye kasi na 6.2 × 10^14 kutoka kwenye eksirei, na mkono unataka kuandika kwamba njia hizi zinapingana. Subiri. Ya kwanza inahesabu hadi megaparseki 2.15, ya pili hadi 1. Ni kama kuhesabu watu wa Nairobi nzima kisha kuwalinganisha na watu wa Westlands.

Tumia umbo la kawaida la mgawanyo wa maada giza, lile la Navarro, Frenk na White. Kwanza fomula ndogo: m(y) = LN(1 + y) − y ÷ (1 + y). Chukua namba ya mbano c (maada imebanana kiasi gani kitovuni) kuwa 4, inayofaa vishada vikubwa. Sehemu ya masi iliyo ndani ya r ni m(c × r ÷ 2.15) ÷ m(c). Ukiweka r = 1 unapata karibu 0.5.

Kwa hiyo masi yako ya kasi, ndani ya megaparseki 1, ni 5.6 × 10^14. Ya eksirei ni 6.2 × 10^14. Tofauti ni asilimia 10 hivi, ndani ya makosa ya njia zote mbili. Mara ya kwanza kuona hili likitokea kwenye karatasi yangu niliinuka kwenye kiti. Mwendo wa galaksi na joto la gesi havina uhusiano wowote kama vipimo, vinatoka kwenye darubini tofauti, na vinakubaliana kuhusu kitu kisichoonekana.

10. Jaribu lenzi ya mvutano, kwa kishada kingine.

Coma iko karibu mno kwa zoezi hili. Nenda Abell 1689, z ya 0.183. Fungua Aladin Lite kwenye kivinjari, andika jina, chagua picha za Hubble. Utaona nyuzi nyembamba za nuru zilizopinda kuzunguka kitovu. Hizo ni galaksi za nyuma sana ambazo nuru yake imepindwa na kishada.

Pima nusu kipenyo cha duara ambalo nyuzi kubwa zinalizunguka. Kwa chanzo chenye z ya 2, vipimo vilivyochapishwa vinatoa kama sekunde 47 za tao. Kisha:

M = 1.23 × 10^8 × θ² × D

θ ni kwa sekunde za tao. D ni umbali wa lenzi mara umbali wa chanzo, gawanya kwa umbali kati yao, vyote kwa megaparseki. Kikokotoo cha mtandaoni cha Ned Wright wa UCLA kitakupa mbili za kwanza; chukua zile zilizoandikwa angular size distance. Tahadhari: umbali wa tatu haupatikani kwa kutoa mmoja kwenye mwingine hivihivi. Zidisha kila umbali kwa (1 + z) yake, toa, kisha ugawe kwa (1 + z) ya chanzo. Kwa Abell 1689, D inakuwa karibu 740, na masi ni 2 × 10^14 ndani ya nusu kipenyo cha megaparseki 0.145 tu.

Lenzi haijali kama kishada kimetulia au kinagongana, na hiyo ndiyo nguvu yake. Inachojali ni kila kitu kilichopo kwenye mstari wa kuona. Kishada kirefu kama yai ambalo ncha yake inatutazama kitaonekana kizito kuliko kilivyo. Abell 1689 ndiyo mfano wake: kwa miaka mingi masi ya lenzi kwenye kitovu ilizidi ya eksirei kwa kiasi cha kama mara mbili, na umbo lake lililonyooka kuelekea kwetu ni sehemu kubwa ya maelezo.

Lenzi dhaifu, ile ya kupima maelfu ya galaksi za nyuma ili kuona zimepindwa asilimia chache, ndiyo wengi wanaitumia leo kusawazisha njia nyingine. Usianze nayo peke yako. Kupima maumbo ya galaksi ni kazi ya timu.

Kuna pia kivuli ambacho gesi ya kishada inaweka kwenye nuru ya kale ya mikrowevu, ile iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Satelaiti ya Planck ilipata vishada zaidi ya elfu moja kwa njia hiyo. Uzuri wake ni kwamba kivuli hakififii kwa umbali. Masi zake lakini zimesawazishwa kwa njia nyingine, kwa hiyo usizihesabu kama shahidi huru bila kuangalia zilisawazishwa na nini.

11. Andika matokeo kwa ukamilifu.

Mfano: "Coma, M200 = (1.1 ± 0.1) × 10^15 masi za Jua, kwa mtawanyiko wa kasi wa galaksi 400 ndani ya digrii 1.2, uhusiano wa Evrard 2008, H0 = 70." Weka N yako halisi. Kisha sentensi ya pili kuhusu kundi la NGC 4839 limebadilisha nini. Mtu wa Kisumu au Pretoria akisoma hivyo anaweza kurudia kazi yako bila kukupigia simu.

UKIKWAMA

SQL inarudisha jedwali tupu. Umeandika RA kwa saa, au kishada hakipo kwenye eneo la SDSS. Vishada vya kusini kama Centaurus, Dec −41, havimo. Darubini yenyewe iko kaskazini.

Sigma inazidi 2,000. Hujaondoa wageni, au uliacha z bila mipaka, au safu ya v bado ina galaksi za nyuma. Rudi kwenye mchoro wa hatua ya 5.

Sigma ni 300 au 400. Umekata kwa nguvu mno, au kitovu chako kimekaa kwenye kundi dogo pembeni. Hakiki RA na Dec.

Kila unapoondoa wageni, wengine wanatokea na haiishi. Kuna uwezekano una vitu viwili kwenye mstari mmoja. Chora histogramu ya v. Vilima viwili maana yake mtawanyiko mmoja hauna maana, tenganisha kwanza.

Masi imetoka 10^12 au 10^18. Ni vipimo. Umechanganya kiloparseki na megaparseki. Ukikosea kwa mara 1,000 hasa, usitafute kwingine.

Masi yako na ya kitabu zinapishana kwa asilimia 40. Angalia kama kitabu kimeandika h^-1 pembeni ya namba; h ni H0 gawanya kwa 100, yaani 0.7 kwetu. Gawa ya kitabu kwa 0.7 uone.

Zinapishana kwa theluthi moja. Kitabu kinatoa M500 (msongamano wa mara 500 badala ya 200), wewe una M200. Kwa vishada vikubwa M500 huwa takriban asilimia 65 hadi 70 ya M200.

Eksirei iko chini ya kasi hata baada ya hatua ya 9. Hiyo inatarajiwa kwa kishada kinachoungana na makundi mengine: galaksi za kundi linaloingia zinapandisha sigma wakati gesi bado haijapata joto la kutosha. Usirekebishe namba yoyote ili zifanane. Ziandike zote mbili.

Umemaliza Coma na unataka kingine? Nenda Abell 2142, RA 239.58 na Dec +27.23, z ya 0.09. Imo kwenye SDSS na eksirei yake imechapishwa vizuri. Badilisha kosaini kwenye hatua ya 3, punguza digrii za duara kwa kuwa kiko mbali karibu mara nne, na usisahau kugawa kwa (1 + z).